Breki Awamu ya Tano

Wanaosema nchi yetu haina magari ya kutosha ni watu wa papara tu. Gari ni kitu cha mwisho. Kwanza huja dereva, na kabla ya dereva huja mtaala, na kabla ya mtaala huja semina ya siku tatu yenye chai na vitafunwa. Sisi tulifuata mpangilio huo vizuri kabisa, na ninaandika haya ili majirani zetu, ambao wana magari mengi na mpangilio mdogo, wajue walikosea wapi.

Jina la nchi sitalitaja. Wenyewe tunaijua, na wageni hawaulizi.

Mimi naitwa Mwalimu Ngwegwe. Kwa miaka ishirini na miwili nilifundisha Historia katika Shule ya Sekondari ya Serikali Mwinamo, iliyojengwa juu ya kilima kwa sababu mbunge wa wakati huo alitaka aione akiwa barazani kwake. Barabara yake inaanzia mlangoni pa ofisi ya Mwalimu Mkuu na kuteremka moja kwa moja hadi uwanja wa gwaride, bila kona, bila tuta, bila kitu chochote cha kumsumbua msafiri. Hapo ndipo yalipotokea mambo yote haya.

Mwaka juzi Waziri wa Elimu na Mwendo, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Fumbwe Kalamazi, alisafiri nje, akaona vijana wa huko wakifundishwa udereva shuleni. Aliporudi, kabla hajavua koti, alitangaza redioni kwamba kuanzia muhula ujao hakuna mwanafunzi wa shule ya serikali atakayepewa cheti cha kidato cha nne kama hakufaulu somo la Udereva. Hata awe na A kumi.

"Taifa linalotaka kwenda," alisema Mheshimiwa, "lazima lijue kuendesha! Na taifa linalojua kuendesha, lazima liende! Kwa hiyo twendeni tukaendeshe, na tukishaendesha, twendeni!"

Watu walipiga makofi mbele ya redio zao. Mimi mwenyewe nilisimama.

Mwalimu wa somo alitafutwa kwa haki. Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Sikudhani Mtitu, mama mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alitukusanya walimu wote akauliza nani anajua kuendesha gari. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akauliza nani amewahi kukaa kiti cha mbele. Nikanyoosha, maana siku ya harusi yangu nilikaa mbele.

"Basi wewe ndiye mtaalamu wetu," akasema. "Na usinipinge, Mwalimu, barua nimeshaiandika."

Nikapelekwa semina. Siku ya kwanza tulifunguliwa rasmi, siku ya tatu tulifungwa rasmi, na siku ya pili tulifanya mazoezi ya ufungaji. Nilirudi na kofia yenye maandishi.

*

Vifaa vilipangwa kuja kwa awamu. Awamu ya kwanza ilikuwa usukani, mmoja kwa kila shule, wetu ukiwa bado umevishwa nailoni yake. Awamu ya pili viti, ya tatu vioo, ya nne honi, na ya tano breki. Gari lenyewe halikupewa awamu. Liliwekwa chini ya kifungu cha Mengineyo. Mzazi mmoja alithubutu kuuliza, katika kipindi cha redio, kwa nini breki zimewekwa mwisho kabisa. Mheshimiwa alimjibu hapohapo.

"Nchi inayosonga mbele haiwezi kuanza kwa kusimama!"

Mzazi yule aliomba radhi kwa maandishi.

Basi tukaunda gari la madawati. Mawili mbele, mawili nyuma, dereva kashika usukani na abiria wamekaa kwa adabu. Injini ilikuwa kidato cha pili B, ambao walisimama nyuma na kunguruma. Kunguruma kulikuwa na alama kumi. Mwongozo wa Mwalimu, kitabu cha kurasa mia mbili chenye picha ya Waziri kwenye jalada na katika kurasa nyingine kumi na nne, ulieleza kila hatua. Dereva atawasalimia abiria. Dereva atajitambulisha, kisha atalitambulisha gari. Dereva ataweka mkono wa gia katikati kabisa, ishara ya kutopendelea upande wowote. Safari ikifika mwisho, mwalimu atasema "Simama!", dereva ataondoa mikono kwenye usukani na kuiweka mapajani, na gari zima litajibu kwa pamoja: "Tumesimama!"

Kusimama peke yake kulibeba alama sitini kati ya mia, na ndiko kulikotupa sifa. Katika muhula mzima sikuona hata dawati moja lililokataa kusimama.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Danfodi Lugome, kijana mtanashati aliyeukariri Mwongozo wote pamoja na dibaji na anwani ya mpiga chapa. Alivyokuwa akitamka "Tumesimama!" hata kuku wa jirani walitulia. Nilimpenda kama mwanangu.

Sasa nimtaje aliyenipa taabu. Zawena Kibwege, binti wa kidato cha nne A, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuuliza. Biolojia A, Kemia A, Hisabati A. Chuo cha Uuguzi kilikuwa kimeshamwandikia barua ya kumpokea, naye aliibeba kila siku ndani ya daftari la Biolojia. Barua ilikuwa na sharti moja tu: alete cheti cha kidato cha nne kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Na bila Udereva cheti hakuna. Kwa hiyo uuguzi wa Zawena ulikuwa mikononi mwangu, mimi na kofia yangu.

Kasoro yake ilikuwa moja, lakini kubwa: alikuwa anajua kuendesha. Mama yake mdogo alikuwa dereva wa trekta la kukokota miwa katika shamba la bondeni, na Zawena alilishika trekta hilo tangu ana miaka kumi na mbili. Mtoto akishaharibiwa namna hiyo, kumfundisha ni kazi.

"Mwalimu, samahani," aliniuliza wiki ya kwanza. "Breki iko wapi?"

"Breki ni awamu ya tano, Zawena."

"Na gari likija kabla ya awamu ya tano?"

"Haliwezi. Liko kwenye Mengineyo."

"Sawa, Mwalimu. Lakini hilo neno 'simama', gari linalisikia kwa kutumia nini?"

Darasa likaangua kicheko. Nilimtoa nje akafikirie. Nilimwona kupitia dirishani akifikiri kweli, jambo lililonikera zaidi.

Katika jaribio la muhula, swali la saba liliuliza: Uko kwenye mteremko mkali. Utafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba nitatoa tamko la kusimama mara tatu, kwa sauti ya kutosha, kisha nitawashukuru abiria. Danfodi aliandika hivyo, akaongeza mchoro wa abiria wakishukuriwa. Zawena aliandika: "Nitakanyaga breki. Nitaingiza gia ndogo. Ikishindikana nitavuta breki ya mkono." Nikampa sifuri, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, Soma Mwongozo!

Alinifuata ofisini na karatasi yake.

"Mwalimu, nikiandika unavyotaka, nitafaulu?"

"Utafaulu vizuri sana, mwanangu."

"Na abiria je?"

"Abiria hawatahiniwi."

Aliitazama ile karatasi. "Nimejaribu usiku kucha kuikariri hiyo sentensi, Mwalimu. Mkono unakataa kuiandika."

Akatoka, machozi yakimlengalenga. Niliumia, nakiri, lakini kalamu nyekundu haikuwa yangu. Ilikuwa ya serikali.

*

Halafu marafiki wa nchi, watu wakarimu ambao hakuna aliyewaeleza habari za awamu, wakatuletea basi. Basi dogo jeupe, zima, lenye kila kitu ndani yake kwa wakati mmoja. Wizarani walishtuka sana. Vikao vilikaa kuamua kama lirudishwe likaletwe upya kwa mafungu, lakini mwishowe Mheshimiwa alisema atakuja kulizindua mwenyewe, tena Mwinamo, kwa kuwa alama zetu za kusimama zilikuwa za juu kuliko shule zote nchini. Danfodi angeliendesha mbele ya umati, na huo ndio ungekuwa mtihani wa vitendo wa taifa.

Siku ya uzinduzi, saa mbili asubuhi, redio ilitangaza matokeo ya mtihani huo uliokuwa ufanyike saa nne. Nchi nzima, ufaulu asilimia mia. Mwinamo, waliofanya mia nne kumi na watatu, waliofaulu mia nne kumi na watatu. Mimi nilikuwa bado sijajaza fomu ya Zawena, ambayo nilijua itakuwa na sifuri, lakini redio haiwezi kungoja vitu vidogo vidogo.

Dereva wa wafadhili alilipandisha basi kilimani, akaliegesha mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, pua ikitazama mteremko. Alitukabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kisha akateremka kwa miguu, tena mbiombio. Nilidhani ni unyenyekevu.

Zawena, kwa sababu ya sifuri yake, alipangiwa kazi ya kushika mwavuli wa mgeni rasmi. Nilimwona akichungulia dirisha la dereva, akatikisa kichwa, akaenda kuokota jiwe kubwa akalisukumia mbele ya tairi. Ofisa wa itifaki alimjia juu.

"Jiwe la nani hili? Linaharibu picha!"

"Breki ya mkono haikuvutwa, mzee. Limeshikwa na gia tu."

"Kwa hiyo Mheshimiwa apigwe picha na jiwe?"

Mabishano yalikuwa makali, mpaka Bi. Sikudhani alipopata suluhisho ambalo nalisifu mpaka leo. Viongozi wetu, alisema, wameweka mawe ya msingi kila pembe ya nchi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuondoa jiwe. Hivyo jiwe likavishwa kitambaa cha rangi za bendera, likaingizwa kwenye ratiba: Saa nne na robo, Mgeni Rasmi Kuondoa Jiwe.

Chini uwanjani kulikuwa na hema, wazazi kwenye viti vya plastiki, na utepe mwekundu uliokatiza barabara. Nyuma ya utepe ilisimama kwaya ya kidato cha kwanza, watoto themanini waliovaa soksi nyeupe.

Mheshimiwa akahutubia kwa kipaza sauti, kisha akaliondoa jiwe, akisaidiwa na wasaidizi wawili. Vigelegele vikapaa. Tukaingia ndani. Danfodi alikaa kwenye usukani, mimi kando yake kama mtahini. Nyuma yetu walikaa Mheshimiwa, Bi. Sikudhani, na Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Mchopa, ambaye alikuwa ameuweka ufunguo wa gari mfukoni mwake kwa usalama. Zawena alisimama katikati na mwavuli uliofunguliwa, kwa kuwa itifaki hairuhusu mwavuli kukunjwa mgeni rasmi akiwa chini yake. Kidato cha pili B walijipanga nyuma ya basi, tayari kunguruma.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, abiria wote, hamjambo," alisema Danfodi bila kukosea hata neno. "Mimi ni Danfodi Lugome, na gari hili ni Basi."

Akashika mkono wa gia, akauweka katikati kabisa, bila kupendelea upande wowote. Na basi likaanza kwenda.

Jamani! Sijui niieleze vipi raha ile. Muhula mzima nilikuwa nimesafiri kwa dawati, na sasa dunia yenyewe ilikuwa inarudi nyuma dirishani. "Linakwenda!" alipaza sauti Mheshimiwa, akinipiga begani. "Mtaala unakwenda!" Bi. Sikudhani alipiga kigelegele. Kidato cha pili B walinguruma wakitufuata mbio, kisha ngurumo ikafifia nyuma yetu, ikapotea, na basi likazidi kwenda. Hapo nilishangaa kidogo, maana injini ilikuwa imebaki juu.

Upepo ukaanza kupiga miluzi. Miti ikapita, kisha ikaanza kupita kwa kasi ambayo Mwongozo haukuitaja. Nikaona ni wakati.

"Simama!" nikaamuru.

Danfodi aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Tumesimama!" tuliitikia wote kwa pamoja, na sauti ya Mheshimiwa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Miti haikuwa na habari. Nikaamuru mara ya pili, tukaitikia mara ya pili, kwa moyo zaidi. Basi likachukua kasi zaidi.

"Mwalimu Ngwegwe!" alipiga ukelele Bi. Sikudhani. "Hili basi limeletwa bila kufundishwa!"

"Simama!" nililia mara ya tatu.

"Tumesimamaaa!"

Danfodi akageuka, akainamisha kichwa, akawashukuru abiria. Bwana Mchopa alikuwa akiandika jambo katika daftari lake, lakini mwandiko ulikuwa unaruka. Mbele yetu niliiona kwaya, midomo wazi, wakiwa kwenye ubeti wa nne, na wazazi wakipunga vitambaa wakidhani tumepanga. Nilihesabu soksi nyeupe. Nikajua kwa mara ya kwanza kwamba sikuwa na neno la nne.

Zawena akakunja mwavuli. Aliurusha ukamwangukia Mheshimiwa mapajani, akaruka viti viwili, akapiga magoti sakafuni chini ya usukani.

"Nyanyua miguu, Danfodi!"

"Lakini kwenye Mwongozo miguu—"

"Nyanyua!"

Kwa mkono mmoja akakandamiza pedali kwa uzito wake wote, kwa mwingine akavuta breki ya mkono mpaka ikalia. Breki ya awamu ya tano, kumbe ilikuwa humo humo siku zote! Basi lilipiga ukelele, likakata utepe bila kumngoja Waziri, likang'oa nguzo moja ya hema, likasimama hatua mbili kutoka kwa mtoto wa mbele. Kwaya iliendelea kuimba, kwa sababu mwalimu wao alikuwa hajashusha mkono.

Danfodi, mikono bado mapajani na miguu bado hewani, alisema taratibu, "Tumesimama."

Mheshimiwa alishuka, akarekebisha tai, akanyanyua mwavuli juu kama kombe. "Mmejionea wenyewe!" akasema. Umati ulishangilia karibu nusu saa. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye nyasi, siwezi kusimama.

*

Kesho yake iliundwa Tume ya Kuchunguza Kusimama. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mchopa, na wajumbe wawili kutoka Wizarani. Walikaa katika ofisi ya walimu, mbele yao chai na sinia la maandazi, na Zawena akaitwa. Alisomewa makosa matatu: kushika chombo cha serikali bila cheti, kumsimamisha mgeni rasmi bila amri, na kumkabidhi Mheshimiwa mwavuli kwa njia ya kumrushia.

"Una la kusema, binti?"

"Ndiyo, mzee. Kulikuwa na watoto pale mbele."

"Watoto hawamo katika makosa. Jibu yaliyomo."

Ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilisema basi lilisimamishwa na Danfodi Lugome kwa tamko la tatu, naye apewe nishani na kuajiriwa dereva wa Wizara. Zawena Kibwege afutwe katika daftari la shule, awe kama mtu ambaye hajawahi kusoma Mwinamo. Ilibaki saini yangu tu kama mtahini.

"Weka hapa, Mwalimu," alisema Bwana Mchopa. "Kisha karibu andazi."

Nikachukua kalamu. Zawena alisimama karibu na mlango, amelikumbatia daftari la Biolojia na ile barua ndani yake. Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita. Hakulia wala hakuomba. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri kuona mwenzake ataandika nini kwenye mtihani. Mimi si shujaa. Miaka ishirini na miwili ya utumishi imenifundisha kutii. Lakini semina ilinifundisha pia kwamba fomu husomwa kabla ya kusainiwa. Kwa hiyo nikasoma.

"Samahani, Mwenyekiti. Redio ilitangaza waliofaulu mia nne kumi na watatu."

"Ndiyo, kwa fahari."

"Tukimfuta huyu, watabaki mia nne kumi na wawili. Redio itakuwa imesema uongo."

Bwana Mchopa alirudisha andazi kwenye sinia. "Basi asifutwe. Abaki, aanguke."

"Akianguka, Mwenyekiti, asilimia mia ya Mheshimiwa itapungua."

Wajumbe walitazamana. Mmoja wao, mtu mnene mwenye miwani, akasema, "Lakini aliendesha bila cheti. Hilo lina sheria."

"Hakuendesha, mheshimiwa mjumbe. Basi lilikuwa linakwenda lenyewe. Yeye alilisimamisha tu, na sheria inayokataza kusimamisha nimeitafuta sikuiona."

"Alama zake za mteremko ni sifuri," alidakia mjumbe wa pili. "Umeziandika wewe mwenyewe kwa wino mwekundu!"

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nikaishika fomu ya mtihani wa vitendo karibu na macho. "Hii hapa fomu inasema: Gari lilikuwa linakwenda, kisha likasimama, alama sitini. Katika nchi nzima namwona mtahiniwa mmoja tu aliyetimiza sentensi yote. Wengine wametimiza nusu ya pili."

Bwana Mchopa alisukuma sinia la maandazi pembeni.

"Mwalimu Ngwegwe," alisema Bwana Mchopa kwa sauti ya chini sana. "Unataka kusema kwamba watahiniwa elfu themanini wa Jamhuri hii..."

"Sisemi, Mwenyekiti. Nasoma."

Walitoka nje kupiga simu Wizarani. Tuliwaona dirishani wakitembea huku na huku, kila mmoja akimpasia mwenzake simu kama kiazi cha moto. Waliporudi, Bwana Mchopa alitangaza kwamba Serikali, kwa huruma yake ya asili, imempa mtahiniwa Zawena Kibwege alama sitini kamili, wala isitajwe popote amezipataje. Cheti kikachapwa palepale, na muhuri wa Udereva ukagongwa chini kabisa.

Zawena alikisoma mara mbili. Kisha akasoma sauti juu ile sehemu ya muhuri: "'Mwenye cheti hiki anaruhusiwa kuendesha dawati la aina yoyote, ndani ya mipaka ya Jamhuri, wakati wa mchana.'"

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikacheka, na Bi. Sikudhani akajifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Tume haikucheka.

"Asante, Mwalimu," alisema Zawena, akifuta machozi ya kicheko na pengine mengineyo.

"Usinishukuru. Ile sifuri niliiandika mimi." Nilisema hivyo kwa aibu, na aibu hiyo ninayo bado.

*

Basi lilikuwa limeshavutwa tena mpaka juu, kwa kamba, na kidato cha pili B. Danfodi alikaa kwenye usukani, amevaa sare mpya ya Wizara, glavu nyeupe na nishani kifuani. Alikuwa amepewa ufunguo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuishusha Tume mjini.

"Karibuni, abiria!" aliita kwa uchangamfu.

Bwana Mchopa alifika mlangoni pa basi, akasimama. Akakumbuka kwamba daktari wake alimshauri kutembea. Mjumbe mwenye miwani akakumbuka shangazi yake anayekaa njiani, ambaye hajamwona tangu uhuru. Mjumbe wa pili hakuwa na daktari wala shangazi, kwa hiyo akatangaza kuwa Serikali inapaswa kuwa karibu na wananchi, na ukaribu huo huanzia miguuni. Wote watatu wakaanza kuteremka kilima, suti zao zikishika vumbi, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Bi. Sikudhani aliniambia, "Panda basi, Mwalimu. Wewe ndiye mtaalamu wetu."

Nikaweka mguu kwenye ngazi. Danfodi alinitazama kwa furaha safi kabisa, furaha ya kijana anayemwona mtu aliyempa kila kitu anachokijua. Mikono yake ilikuwa tayari imetulia mapajani. Nikauondoa mguu.

Zawena alikuwa ameshaanza safari ya kwenda chuoni, cheti mkononi. Aliniona nikimfuata kwa miguu, akasimama.

"Mwalimu, mbona hupandi? Si ndiye mwanafunzi wako bora?"

"Naogopa, mwanangu," nikamwambia. "Nimemfundisha mimi."